Safari ya Chembe: Jinsi Umeme Unavyookoa Mbolea Iliyomo kwenye Majitaka

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na kila jambo litakalompata mhusika wake hutokea kweli duniani, leo hii, tukiwa tumekaa hapa. Mhusika huyo tutamwita Chembe. Chembe ni atomu moja ya naitrojeni. Ni mdogo kiasi kwamba hata hadubini ya shuleni haiwezi kumwonyesha. Lakini safari yake itatupitisha hewani, kiwandani, shambani, jikoni na chooni, hadi tusimame mbele ya mtambo mmoja wa ajabu wenye vyumba vitatu na tando mbili.

Mwanzoni Chembe aliishi hewani. Vuteni pumzi sasa hivi. Katika kila lita 100 za hewa, lita 78 hivi ni naitrojeni, kwa hiyo mmewavuta mabilioni ya mabilioni ya kina Chembe. Kisha mmewatoa vilevile walivyoingia. Mwili haukuwatumia hata kidogo, maana hewani Chembe haishi peke yake: ameshikana na pacha wake kwa vifungo vitatu, navyo ni miongoni mwa vifungo imara kabisa katika kemia. Mwili wa mtu hauna nguvu ya kuvikata. Mhindi pia hauna. Mhindi unaweza kuzungukwa na naitrojeni usiku na mchana, na bado majani yake ya chini yakageuka manjano kuanzia nchani, kwa sababu una njaa ya naitrojeni hiyohiyo.

Nani basi anaweza kuwatenganisha mapacha? Radi inaweza. Bakteria fulani wanaweza pia: ng'oeni mmea wa kunde au wa maharage taratibu, mtaona vinundu vidogo kwenye mizizi, na humo ndimo bakteria hao wanamoishi na kufanya kazi. Ndiyo maana wazee wetu walichanganya mahindi na kunde katika shamba moja. Na tangu miaka zaidi ya 100 iliyopita, binadamu naye ameweza.

Mwaka 1909, mjini Karlsruhe, Ujerumani, mkemia Fritz Haber aliwaonyesha wageni kutoka kampuni ya BASF mtambo mdogo uliokuwa ukidondosha amonia tone kwa tone. Amonia ni atomu moja ya naitrojeni iliyoungana na atomu tatu za haidrojeni. Mhandisi Carl Bosch akaukuza mtambo ule mpaka ukawa kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi huko Oppau. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Naitrojeni ya hewani huchanganywa na haidrojeni, ikapashwa moto wa nyuzi joto 400 hadi 500, ikagandamizwa kwa shinikizo la mara 150 hadi 250 ya lile la hewa inayotuzunguka, tena mbele ya kichocheo cha chuma. Hapo tu ndipo mapacha huachana.

Kazi hiyo ina faida kubwa na gharama kubwa. Faida yake ni kwamba karibu nusu ya watu wote walio hai leo wanakula chakula kilichotegemea amonia ya viwandani. Gharama yake ni kwamba haidrojeni yake hutolewa zaidi kwenye gesi asilia, hewa ya ukaa hutoka kwa wingi, na viwanda hivyo hutumia kati ya asilimia 1 na 2 ya nishati yote inayotumiwa duniani. Shikeni jambo hili, wanangu: kumshusha Chembe kutoka hewani ni kazi ghali.

Basi, Chembe wetu alinaswa na kiwanda kimoja cha Mesaieed, nchini Qatar, ambako gesi asilia ni nyingi. Akawa amonia, kisha akageuzwa kuwa yurea, ile mbolea ya punje nyeupe. Akatiwa mfukoni, akapakiwa melini, akateremshwa bandarini Mombasa, akapanda lori hadi Trans Nzoia. Huko mama mmoja mkulima alimmwaga kando ya mhindi uliofika magotini, wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia. Mhindi ukamnyonya kwa mizizi, ukamjenga ndani ya protini ya punje. Mahindi yakavunwa, yakasagwa, unga ukauzwa Nairobi, na jioni moja msichana wa mtaa wa Mukuru akala ugali na mboga. Chembe alikuwa ndani ya tonge.

Je, hadithi imekwisha? Wengi huiishia hapo, mtoto akiwa ameshiba. Lakini ndipo kwanza inaanza.

Mwili hutumia protini kujenga misuli, damu na ngozi, na protini zilizochakaa huvunjwa kila siku. Naitrojeni inayobaki haiwezi kuachwa izurure mwilini, maana amonia ikizidi katika damu ni sumu. Kwa hiyo ini huikusanya na kuitengeneza kuwa yurea. Naam, yurea ileile iliyokuwa kwenye mfuko wa mbolea! Kiwanda cha Qatar kinahitaji moto mkali na shinikizo kuitengeneza. Ini la msichana wetu linaitengeneza kwa joto la mwili wake, akiwa amelala. Figo zikaichuja, na asubuhi Chembe akatoka na mkojo.

Chooni kuna bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho yuresi. Wao huipasua yurea, na Chembe anakuwa amonia tena. Ile harufu kali inayochoma pua katika choo kisichosafishwa ndiyo yeye. Watu hukunja uso na kugeuka. Nawaomba leo tusigeuke, tupige hesabu.

Mtu mmoja hutoa mwilini kati ya kilo 2 na kilo 4 hivi za naitrojeni kwa mwaka, kutegemea anakula nini, na sehemu kubwa yake hutoka na mkojo. Tuseme kila mtu katika familia ya watu 5 anatoa kilo 2.1 kwenye mkojo. Kwa mwaka zitakuwa kilo 10.5. Sasa chukueni mfuko wa kilo 50 wa mbolea ambayo wakulima wa mpunga wa Mwea na wakulima wengi wa Tanzania wanaiita SA. Asilimia 21 ya mbolea hiyo ni naitrojeni, yaani kilo 10.5. Familia moja, mwaka mmoja, mfuko mzima! Na katika majitaka ya mji, mkojo ni karibu asilimia 1 tu ya maji yote, lakini umebeba karibu asilimia 80 ya naitrojeni yote iliyomo.

Utajiri huo unakwenda wapi?

Njia ya kwanza ni mtoni. Majitaka yasiyosafishwa vya kutosha yakiingia katika Mto Nairobi, hufuata Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Njiani amonia huwadhuru samaki. Bakteria wa majini nao huishambulia, na kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inahitaji karibu gramu 4.6 za oksijeni ili igeuzwe kuwa naitreti. Oksijeni hiyo ndiyo samaki wangeivuta. Upande wa Ziwa Viktoria, wavuvi wa Kisumu wanaujua upande mwingine wa balaa hili: virutubisho vinavyotoka mashambani na mijini hulilisha gugumaji, nalo likitanda, mtumbwi haupiti. Mbolea ni mbolea popote ilipo. Isipootesha mahindi, itaotesha magugu.

Njia ya pili hutumika katika miji yenye mitambo mikubwa ya kusafisha majitaka, hasa Ulaya na Marekani. Huko mashine hupuliza hewa katika matangi mchana na usiku ili bakteria waigeuze amonia kuwa naitreti, kisha bakteria wengine waigeuze naitreti kuwa gesi ya naitrojeni. Mto unapona, na hilo ni jema sana. Lakini mtazameni Chembe: ameshikana tena na pacha mwingine kwa vifungo vitatu, amerudi hewani. Tulitumia nishati nyingi kumshusha, tumetumia nishati nyingine kumrudisha, na msimu ujao tutatumia tena kumshusha.

Hapa ndipo wanasayansi wengine walipouliza swali rahisi. Chembe hajapotea. Amechanganyika tu na maji, chumvi, sabuni na uchafu. Je, hatuwezi kumchagua na kumtoa akiwa bado amonia, kabla hajarudi hewani?

Kujibu swali hilo, lazima kwanza tujue tabia moja ya amonia. Ikiwa ndani ya maji, huwa katika hali mbili. Katika hali ya kwanza hubaki amonia, gesi isiyo na chaji ya umeme. Katika hali ya pili huchukua haidrojeni moja zaidi yenye chaji chanya, ikawa kitu kiitwacho amoniumu. Amoniumu ni ioni, yaani chembechembe yenye chaji, na haiwezi kuruka kama gesi. Kinachoamua ni hali ya maji, kwa kipimo cha pH. Maji yakiwa na pH ya 9.25 kwenye joto la nyuzi 25, nusu ni amonia na nusu ni amoniumu. Yakielekea upande wa asidi, amoniumu huzidi. Yakielekea upande wa alkali, amonia huzidi. Ukiweza kuibadili pH, unaweza kumwamuru Chembe awe gesi au awe ioni.

Sasa njooni kwenye mtambo. Mhandisi William Tarpeh wa Marekani na wenzake waliueleza mwaka 2018, alipokuwa ametoka kusoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na baadaye akaendelea kuufanyia kazi Chuo Kikuu cha Stanford. Una vyumba vitatu vilivyopangwa bega kwa bega, na kati ya chumba na chumba kuna utando mwembamba.

Chumba cha kwanza kinajazwa mkojo, na ndani yake kuna kipande cha metali kilichounganishwa na upande chanya wa umeme. Kipande hicho huitwa anodi. Chumba cha pili kina maji yenye chumvi kidogo, na ndani yake kuna kathodi, iliyounganishwa na upande hasi. Chumba cha tatu hakina umeme. Kina asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kinasubiri.

Washeni umeme. Chaji zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Chembe, akiwa amoniumu yenye chaji chanya, anavutwa na kathodi iliyo chumba cha pili. Anakimbia kuelekea huko, anafika kwenye utando wa kwanza.

Utando huu ni wa plastiki maalumu, na ndani ya plastiki hiyo zimepachikwa chaji hasi zisizosogea. Mnalijua chekeche la unga: hutazama ukubwa, dogo likapita, kubwa likabaki. Utando huu hautazami ukubwa, unatazama chaji. Ioni chanya zikija, zinakaribishwa na zile chaji hasi zilizopachikwa, zinapita. Ioni hasi zikija, zinasukumwa nyuma. Uchafu mwingi usio na chaji, wenye molekuli kubwa kubwa, nao unabaki. Chembe anapita, anaingia chumba cha pili.

Najua mwenye akili kali kati yenu ameshainua mkono. "Kwenye mkojo kuna chumvi. Sodiamu na potasiamu nazo zina chaji chanya. Si zitapita pia?" Umesema kweli, mwanangu. Zinapita. Tungeishia hapa, tungepata maji ya chumvi yenye amoniumu ndani yake, na shamba halitaki chumvi. Ndiyo sababu kuna chumba cha tatu, na ndiyo sababu napenda sana mtambo huu.

Tazameni kinachotokea kwenye kathodi. Umeme unapofika pale unayapasua maji. Mapovu ya gesi ya haidrojeni yanapanda juu, na nyuma yake zinabaki ioni za haidroksidi, zile zinazoyafanya maji kuwa alkali. Muda si mrefu pH ya chumba cha pili inapanda sana. Kumbukeni tabia ya amonia: kwenye alkali, Chembe anaiachia ile haidrojeni yake ya ziada, na amoniumu inakuwa gesi. Sodiamu haiwezi kufanya hivyo. Potasiamu haiwezi. Hata zikikaa katika alkali kali namna gani, zitabaki ioni ndani ya maji.

Utando wa pili umetengenezwa kwa ajili ya tofauti hiyo. Unakataa maji. Una vitundu vidogo mno vilivyojaa hewa, na kimiminika hakiwezi kuvipenya, lakini gesi inaweza. Sodiamu na potasiamu zinabaki. Vijidudu vya magonjwa vinabaki, maana haviwi gesi. Chembe, akiwa gesi, anapenya, anatokea chumba cha tatu.

Humo anaikuta asidi. Asidi ina haidrojeni nyingi zenye chaji chanya za kugawa, na papo hapo Chembe anachukua moja, anakuwa amoniumu tena. Sasa hawezi kurudi, kwa kuwa utando nyuma yake haupitishi ioni. Amenaswa. Anaungana na salfeti iliyotoka kwenye asidi, na chumba cha tatu kinajaa polepole maji ya salfeti ya amoniumu.

Mnajua salfeti ya amoniumu ni nini? Ni SA. Mbolea ileile ya mfuko wa kilo 50 tuliyoipigia hesabu!

Katika majaribio ya mwaka 2018 yaliyotumia mkojo halisi, mtambo huo, ukijazwa mara moja na kuachwa ufanye kazi, uliokoa asilimia 93 ya naitrojeni. Na kuna jambo jingine la kufurahisha. Njia ya zamani ya kuitoa amonia kwenye majitaka ni kumwaga chokaa au magadi makali ili pH ipande, kisha kupuliza hewa nyingi katika mnara mrefu. Kemikali hizo lazima zinunuliwe na kuletwa kwa lori. Katika mtambo wa vyumba vitatu, alkali inatengenezwa hapohapo, kutokana na maji yenyewe, na kinacholetwa kutoka nje kwa kazi hiyo ni umeme.

Tarpeh hakuanzia maabara ya Marekani peke yake. Alifanya utafiti Nairobi pia, pamoja na Sanergy, kampuni iliyoweka vyoo vya Fresh Life katika mitaa ya mabanda kama Mukuru. Vyoo hivyo vina siri yenye maana kubwa katika hadithi yetu: vinautenga mkojo na kinyesi tangu mwanzo. Huko alijaribu njia ya jirani, ya kupitisha mkojo kwenye punje za plastiki zinazoshika amoniumu, kisha kuziosha kwa asidi ili amoniumu iachie. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa hiyo mkojo wa wakazi wa Nairobi umo katika msingi wa sayansi hii, na ni haki watoto wa Nairobi waijue.

Mtauliza umeme utatoka wapi, na ni swali la haki, maana penye uhaba wa mbolea mara nyingi pana uhaba wa umeme. Mwaka 2025 watafiti wa Stanford walitangaza mtambo wa majaribio unaotumia paneli ya jua. Paneli ya jua ikipata moto sana, hutoa umeme kidogo. Wao waliuchukua moto huo kutoka nyuma ya paneli wakaupeleka kwenye mkojo. Paneli ikapoa na kutoa umeme zaidi, mkojo ukapata joto, na amonia ikaupenya utando kwa urahisi zaidi. Walipopiga hesabu ya nchi mbalimbali, Uganda ilikuwa mfano mmojawapo wa mahali ambapo mbolea ni ghali na nyaya za umeme hazijaenea, na waliona kwamba kila kilo ya naitrojeni iliyookolewa huko ingeweza kuingiza fedha zaidi ya mara mbili ya Marekani. Mahali panapohitaji zaidi ndipo panapofaidi zaidi.

Msidhani wazo la kuvuta chumvi kwa umeme kupitia tando ni la jana. Mwaka 1890 kuna waliokuwa wameshalijaribu kusafisha maji ya sukari. Mwaka 1950, huko Massachusetts, Walter Juda na Wayne McRae wakatangaza tando imara za plastiki zinazochagua chaji, na tangu hapo kazi ikawezekana kwa upana. Wajapani nao, tangu mwaka 1972, wametengeneza chumvi yao ya kula kutokana na maji ya bahari kwa njia hii, badala ya mashamba ya chumvi ya pwani.

Katika mitambo ya namna hiyo tando huwa nyingi, mamia hata. Hupangwa kwa zamu: mmoja unapitisha ioni chanya, unaofuata unapitisha ioni hasi, kisha chanya tena, kisha hasi. Umeme ukiwashwa, ioni chanya zinakwenda upande huu na ioni hasi upande ule, na kila moja husimamishwa na utando wa pili inaoukuta. Matokeo yake ni mifereji ya zamu: huu maji yake yanabaki mepesi, unaofuata maji yake yanajaa chumvi. Mjini Delft, Uholanzi, watafiti walitumia mpango huo kwa ajili ya amoniumu, wakaipandisha kutoka gramu 1.5 katika lita moja hadi gramu 10. Lengo lao lilikuwa yale maji yanayokamuliwa kutoka kwenye tope la mitambo ya majitaka, kwa sababu tope likishaozeshwa, maji yake huwa na amoniumu nyingi kuliko majitaka ya kawaida.

Neno "nyingi" hapo ni la kushikwa. Umeme hufanya kazi nzuri pale ambapo amoniumu ni nyingi na maji ni machache. Lita moja ya mkojo uliokaa ina gramu kadhaa za naitrojeni. Lita moja ya majitaka ya mji, yaliyochanganyika na maji ya kuoga, ya kufulia na ya kuoshea vyombo, ina miligramu makumi machache tu. Kumtafuta Chembe katika maji mengi hivyo ni kupoteza umeme. Sasa mnaona kwa nini kile choo kinachotenga mkojo ni nusu ya ushindi: kinazuia mchanganyiko usitokee, na kisichochanganyika hakihitaji kutenganishwa.

Yapo matatizo mengine, na sitawaficha. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye mkojo huganda juu ya tando na kuziziba. Uteute wa bakteria nao hujishikiza. Lazima tando zisafishwe, na tando nzuri zina bei. Mbolea inayotoka ni ya maji, nayo ni nzito kusafirisha kuliko punje kavu, kwa hiyo inafaa shamba lililo karibu. Asidi inahitaji mikono yenye mafunzo, na gesi ya haidrojeni inashika moto, ndiyo maana nawakataza kabisa kulijaribu jambo hili nyumbani. Na wapo watu watakaosita kununua sukuma wiki wakisikia mbolea yake ilitoka wapi. Hao wasichekwe. Waelezwe hatua kwa hatua, utando wa kwanza na utando wa pili, kama nilivyowaeleza ninyi.

Matatizo haya yote ni ya ufundi, ya bei na ya maelezo. Hakuna hata moja linalosema jambo lenyewe haliwezekani. Limeshawezekana. Kilichobaki ni kulifanya liwe rahisi, liwe imara, na liwe mikononi mwa fundi wa Kisumu, wa Mbeya au wa Bujumbura, anayeweza kubadili utando uliochoka bila kungoja mtaalamu kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo nina kazi ya kuwapa. Siku shule yenu ikipata ruhusa ya kutembelea mabwawa ya majitaka ya mji wenu, iwe ni Ruai, Nairobi, au Vingunguti, Dar es Salaam, nendeni na madaftari. Mwulizeni mhandisi atakayewapokea, kwa adabu, maswali matatu. Amonia inayoingia hapa ni kiasi gani? Inakwenda wapi? Na ni nani anayetafuta namna ya kuirudisha shambani? Andikeni majibu yake neno kwa neno. Kama swali la tatu litakosa jibu, rudini darasani mkasome kemia na umeme kwa bidii, kwa sababu jibu hilo linawangoja ninyi.